Waya Nono

Mamangu anaitwa Wavinya, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuvuta shaba. Si kuiba, kama watu wa hapa Mukuru kwa Reuben wanavyodhani wakisikia neno hilo. Kuvuta. Katika kiwanda kimoja cha waya za stima huko Industrial Area, shaba huletwa ikiwa fimbo ndefu, nene kama penseli, imekunjwa robota zito ambalo halinyanyuki ila kwa mashine. Ncha yake inachongwa, inapitishwa kwenye kitundu cha chuma kigumu ambacho wao hukiita dai, halafu mashine inaivuta. Ikitokea upande wa pili imekonda kidogo na kurefuka. Inaingia dai nyingine ndogo kuliko ile, kisha nyingine, kisha nyingine, maji meupe ya sabuni na mafuta yakimwagika juu yake isiungue, hadi ile fimbo inakuwa uzi. Hakuna kinachokatwa wala kuongezwa. Shaba ni ile ile, imenyooshwa tu.

Haya alikuwa akitusimulia jioni akinawa mikono, maana yale maji meupe hayatoki upesi. Alisema shaba ikivutwa sana inakuwa ngumu na yenye kiburi, ukiikunja inakatika. Kwa hivyo hupitishwa kwenye joto kali ndipo inatulia na kulainika. Binadamu ni kinyume. Yeye nimemwona akipitishwa kwenye joto, na hakulainika.

Ikishalainika, shaba inavuka ukuta kwenda kwa watu wa plastiki. Huko chembe za plastiki zinamiminwa kwenye mashine, zinayeyuka, na waya ikipita katikati inavikwa koti. Inazama kwenye mfereji wa maji baridi ili koti lishike, inapigwa chapa ya saizi, inazungushwa roli. Mama hakuwahi kukanyaga upande huo hata siku moja. Vibarua wa shaba wana mlango wao, wa plastiki wana wao, na ukionekana usipostahili unaulizwa unatafuta nini. Alijua shaba inavyotoka mikononi mwake. Hakujua inaenda kuvaa nini.

Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walimwuliza, "Kwani muda wote huo hukujua?" na walivyouliza haikuwa kuuliza. Ilikuwa kutema mate.

Kila Alhamisi ilikuwa na oda yake. Msimamizi wao, Mkamba mwenzetu anayeitwa Mutunga, alikuja na dai moja ndani ya kitambaa, akatoa ile ya mwisho kwenye mashine ya Mama, akaweka yake. Siku zingine shaba ya soketi ilitoka na unene wa karibu milimita moja nukta nane. Alhamisi ilitoka na moja na nusu. Kwa mtu wa nje tofauti hiyo si kitu, ni kama nywele tatu zimelala pamoja. Lakini pima shaba yenyewe uone: kwa kila vijiko kumi ambavyo vingeingia kwenye waya, karibu vitatu vimebaki kwa mwenye kiwanda.

Mama aliuliza. Hakunyamaza kama ng'ombe.

"Hii ni ya nini? Si ya taa, si ya soketi."

"Ya kusuka mota, mwaitu," Mutunga akamjibu. Mwaitu kwetu ni mama, na Mutunga huwaita hivyo wanawake wote wanaomzidi miaka, kwa heshima, sauti ya chini. "Mota zina saizi zake."

Akaamini. Waya ya kusuka mota haivai plastiki, inapakwa vanishi tu, na saizi zake ni nyingi hata wenyewe huzisahau. Lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi. Mwongo mjinga angemwambia ni ya taa.

Baadaye kidogo ile dai ya Alhamisi ikameguka kwa ndani, kipande kidogo sana, ikawa inaacha mkwaruzo kwenye shaba: mstari mmoja mwembamba, umenyooka, kutoka mwanzo wa waya hadi mwisho. Huwezi kuuona ila ukiipeleka kwenye mwanga, lakini ukipitisha ukucha unaushika. Mama akamwambia Mutunga dai imeharibika.

"Mota haina macho, mwaitu. Vuta."

Akavuta. Mwaka mmoja na miezi miwili, kila Alhamisi.

Babangu anaitwa Matheka, naye ni fundi wa stima. Si fundi mbaya. Anaweka waya kwenye maduka na vyumba kuanzia Pipeline hadi Tassia, na waya yenyewe ananunua kwenye hadiwea kama fundi mwingine yeyote. Hapo ndipo penye shida, kwenye hadiwea, na kwenye neno moja ambalo siku hizi nikilisikia damu inanipanda.

Mtaani kwetu waya haipimwi. Inafinywa. Fundi anaingia dukani, anashika roli, anabana waya kwa vidole viwili kama mtu anayechagua parachichi, kisha anasema, "Hii ni nono," ama, "Hii imekonda, rudisha." Nono ndiyo inanunuliwa. Mwenye nyumba akija kukagua, naye anafinya, anasema nono, anatikisa kichwa kama aliyesomea. Sijui nani alianza. Najua tu kwamba neno hilo lilitembea likafika kwa wenye viwanda, na wao wakalielewa kuliko sisi tuliolisema. Mnataka nono? Chukueni nono. Wakaikondesha shaba, wakainenepesha plastiki, wakatia chaki ndani ya plastiki iwe nzito na ya bei rahisi, wakapiga chapa ya saizi kubwa. Na sisi tukafinya. Tukafurahi.

Jumapili moja baada ya kanisa Baba alikuwa ameketi mlangoni akimenya mabaki ya waya, anataka kututengenezea ekstensheni. Mama alikuwa anachagua mahindi ya kupika muthokoi kwenye ungo. Kipande cha shaba kikaruka, kikaangukia ndani ya mahindi. Mama akakitoa kama anavyotoa jiwe, na badala ya kukitupa akakishika. Niliona kidole gumba chake kikipita juu yake mara moja, kikarudi, kikapita tena.

"Baba Mbeti, hii umetoa wapi?" Mbeti ni mimi.

"Kwa Ardo, yule mama wa kushona pazia Tassia. Alinipa mwenyewe yaliyobaki, sijaiba."

"Sijauliza kama umeiba. Nauliza ni waya ya nini."

"Ya soketi. Mbili pointi tano." Akaiinua ile yenye koti, akaifinya. "Nono kama mbuzi ya Krismasi. Unajua hata kwenye paipu ilikataa kuingia? Nilipaka sabuni ndiyo ikakubali."

Mama akasimama na ungo ukamwagika. Hakuutazama. Alitoka nje penye jua, akakigeuza kile kipande polepole, na nilimwona uso ukimbadilika.

"Mbeti, lete biro na rula."

Rula yangu bado ipo, ingawa shule niliiacha mapema. Mama akakata waya ndefu kidogo, akaimenya yote, akaizungusha shaba kwenye biro mara kumi, mizunguko ikibanana bila nafasi. Kisha akaweka rula juu yake.

"Soma."

"Kumi na tano."

"Mbili pointi tano ni eneo la shaba ikikatwa, si upana wake; ya kweli ukiizungusha mara kumi inafika karibu milimita kumi na nane. Soma tena."

"Ni kumi na tano, Mama."

Baba akacheka. "Rula ya mtoto hiyo. Ya kuchorea nyumba na jua."

"Matheka." Mama hamwiti Baba hivyo. Huyo alikuwa mtu mwingine anazungumza. "Pitisha ukucha hapa. Umesikia mstari? Mstari huo ni wa dai yangu. Nimeuona kila Alhamisi. Hii shaba nimeivuta mimi, na niliambiwa ni ya mota."

Baba akapitisha ukucha. Akapitisha tena. Kicheko kikaisha, lakini alichosema hakikuwa kile nilichongoja.

"Sasa unataka nifanye nini? Waya iko ukutani tayari. Jumanne asubuhi fundi wa plasta anaingia."

"Itoe."

"Niitoe nimwambie Ardo nini? Kwamba fundi wake hajui waya? Mimi kazi napata kwa mdomo wa watu, Mama Mbeti. Huyo mwanamke akifungua mdomo wake, Tassia yote nimekwisha."

"Ardo ataweka pasi ngapi?"

Baba akaokota kipande kingine cha waya, akaendelea kumenya.

"Nimekuuliza, pasi ngapi?"

"Tatu. Na mashine za kushona saba."

"Pasi tatu zikiwaka pamoja, hiyo shaba itapata joto ndani ya ukuta, siku baada ya siku, na koti lake ni chaki. Ghorofa tano za watu wamelala juu yake. Stima haipiti kwenye unono, Baba Mbeti. Inapita kwenye shaba."

"Kwa hivyo mimi ni mwizi?"

"Wewe umefinya tu. Mwizi ni mimi, niliyeivuta."

Mahindi niliyaokota mimi.

Jumatatu Mama alimfuata Mutunga kabla mashine hazijawashwa. Alitusimulia jioni akiwa bado amesimama, viatu miguuni, mkoba begani, na aliyasema maneno ya Mutunga kwa sauti ya Mutunga kabisa.

Alimwekea kile kipande mezani. "Hii niliambiwa ni ya kusuka mota."

"Mota gani?" Mutunga akauliza.

Alikuwa amesahau. Mtu alimdanganya, akambebesha uongo huo mwaka mmoja na miezi miwili, na yeye mwenyewe hata hakuuweka kichwani. Kama mtu anayetema ganda la muwa.

"Mota ulizoniambia. Alhamisi."

"Aah, hizo." Mutunga akacheka, akafunga mlango wa ofisi. "Mwaitu, kaa chini. Wewe ukienda sokoni, mama mboga anapanga nyanya kubwa wapi? Mbele. Sisi ndio tulimfundisha? Watu wa mtaa hawanunui shaba. Wananunua unene. Tukiwapelekea ile sawa, wanaifinya, wanasema imekonda, wanaiacha inakaa kwenye rafu na vumbi."

"Na ile ya siku zingine?"

"Hiyo ni ya tenda. Huko kuna watu wa kupima, wana mashine zao. Mtaa unapima na vidole."

"Mimi naishi mtaani, Mutunga. Na wewe umezaliwa mtaani."

"Ndiyo maana nawajua."

Akamwambia arudi kwenye mashine. Mama akamwambia kesho yake atachelewa, ana jambo Tassia. Mutunga akatazama kile kipande cha shaba, akaelewa jambo ni gani. Hakupandisha sauti. Watu kama hao hawapandishi sauti, na mimi wanaopiga kelele siwaogopi hata nusu ya hao.

"Kibarua haombi ruhusa, mwaitu. Anakuja ama haji. Langoni kuna wanawake hamsini wanaoweza kuvuta shaba bila kuisoma. Kesho ukikosa, usisumbuke kuja kesho kutwa."

Baba alisikiliza yote hayo akitazama sakafu. Mama akamwuliza kama wataenda pamoja.

"Usije pale," Baba akasema. "Nakuomba. Nitajua la kufanya."

Alijua la kufanya. Jumanne aliamka mapema kuliko kuku, akaenda peke yake.

Tulimfuata. Mama alinishika mkono kama nina miaka sita, akatembea akiwa mbele yangu hatua moja njia nzima. Duka la Ardo liko chini ya jumba la kijani la ghorofa tano. Mlango ulikuwa wazi na kuta zimechimbwa mifereji, paipu nyeupe zimelala ndani yake, ncha za waya nyekundu na nyeusi zikichungulia kwenye masanduku ya soketi. Fundi wa plasta, mzee mwenye kofia aliyoikunja kwa karatasi ya mfuko wa simiti, alikuwa anachanganya mchanga. Mfereji mmoja karibu na mlango alikuwa ameshauziba nusu. Baba alisimama kando ameshika bisibisi, na haikuwa na kazi yoyote ya kufanya.

Ardo ni mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita gari lililo ng'ambo, na kila mtu humwita walaal, yaani ndugu kwa Kisomali chao. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akamtazama Baba.

"Fundi, hii ni familia? Karibu, walaal, karibu. Mnataka pazia?"

"Mwambie mzee asimamishe plasta," Mama akasema. "Waya iliyo ukutani ni mbovu."

"Mbovu vipi? Nilichagua mwenyewe! Mimi mwenyewe nilienda hadiwea na huyu, nikashika na mkono wangu. Fundi alitaka kuchukua ingine, nikamwambia, hiyo imekonda kama mgonjwa, mimi nataka nono."

Hilo Baba hakuwa ametuambia. Nilimwona anatazama pembeni. Kumbe alikuwa ameshika ile ya kweli, akairudisha.

"Ni nono ya plastiki," Mama akasema. "Ndani hakuna kitu."

Ardo akakunja mikono. "Walaal, sikiliza. Kama una vita na bwana yako, malizaneni nyumbani. Mimi Jumamosi nafungua duka. Mzee, endelea."

Yule mzee akachota simiti na mwiko. Mama akaenda akasimama mbele ya mfereji, mgongo ukutani, na simiti mbichi ikampaka rinda.

"Mama, nitakupiga plasta na wewe," mzee akasema.

"Nipige. Mbeti, biro."

Akavuta ncha iliyokuwa inachungulia kwenye sanduku, akachukua koleo kwenye begi la Baba bila kuomba, akakata kipande. Akakigeuza ncha imtazame Ardo. "Usifinye. Tazama hapa ilipokatwa. Nyama ni ipi na mafuta ni yapi?"

Ardo akainama. Shaba ilikuwa kitone kidogo katikati ya duara kubwa jeusi. Mama akaimenya, akaizungusha kwenye biro mara kumi, akamwekea rula mkononi asome mwenyewe, akamweleza inapaswa kufika wapi. Ardo akasoma. Akasogea mlangoni penye mwanga, akasoma tena.

"Wewe umejuaje mambo haya?"

"Niliitengeneza."

Mzee akaushusha mwiko.

"Wewe?"

"Shaba yake. Mikono hii."

"Wewe uliitengeneza, bwana yako akaniwekea, na sasa unakuja kuniambia ni mbovu? Wallahi nyinyi ni watu gani? Ni biashara ya familia?"

"Niliambiwa ni ya mota."

"Na ukaamini!"

"Nikaamini."

"Muda gani?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

"Na usiku ulikuwa unalala?"

"Nililala vizuri sana," Mama akasema. "Ndiyo maana nina hasira."

Ardo akamgeukia Baba. Alimwuliza kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko ya juu. "Fundi. Huyu anasema kweli?"

Nilimtazama Baba. Ningeweza kumchukia wakati ule. Bado kidogo tu. Kazi zote za Tassia zilikuwa kwenye ulimi wake, na njia ya kutokea ilikuwa rahisi: acheke, aseme mkewe hajalala vizuri, mzee achote simiti, sisi turudi Reuben. Akatazama mgongo wa Mama uliojaa plasta.

"Kweli," akasema. "Nimejua tangu Jumapili."

"Jumapili! Na leo ulikuwa umesimama hapa unanitazama nikiweka plasta?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Aibu!" Ardo akapiga mlango kwa kiganja. "Watoto wangu watakuwa wanakaa hapa wakitoka duksi kusoma Kurani, watu wako juu, wewe unaniambia aibu! Aibu unaweza kuimwaga kama maji ikazima moto?"

Baba akaweka bisibisi chini, akachukua koleo kutoka mkononi mwa Mama, akaenda kwenye sanduku la kwanza, akazishika zile ncha na kuvuta.

Hazikutoka. Kitu kinene ukikijaza kwenye paipu hakina pa kupumulia, na ile sabuni aliyoipaka ilikuwa imekauka. Alivuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Ilisogea kiasi cha shubiri moja, ikabanwa kwenye kona.

"Unaona sasa unono wako," Mama akamwambia, na hakuwa anatania. "Ungepiga plasta ungevunja ukuta mzima."

"Najua. Nishikie hapa."

Akashika. Baba akakata paipu penye kona kwa msumeno, akaipanua, wakavuta wote wawili, mmoja mbele ya mwingine. Yule mzee wa plasta alitazama kidogo, akatema, akasema kazi ya leo imeshakufa basi afadhali asaidie kuizika. Akaanza kuikwangua ile simiti aliyoiweka, kabla haijashika. Mimi nilikuwa nakusanya. Waya zilitoka nyekundu, zikatoka nyeusi, zikatoka za kijani, nono zote, zinang'aa, na kila moja imeandikwa namba ambayo si yake. Nilitamani kuzikanyaga. Nilizikanyaga.

Watu wakaanza kusimama mlangoni. Mmoja akauliza kama stima imeibwa, mwingine akasema fundi ananyang'anywa kazi na mke. Kijana mmoja, naye fundi, aliokota kipande, akakifinya, akashangaa kwa sauti, "Lakini hii ni nono, buda!" Mama akamgeukia kwa namna ambayo kijana alikirudisha chini polepole kama yai.

"Sema neno hilo tena hapa," akamwambia, "utafinywa wewe."

Wakacheka mlangoni. Ardo hakucheka. Alikuwa anatembea kutoka sanduku hadi sanduku akichungulia ndani ya kila paipu, hadi ya mwisho ikatoka na kuta zikabaki na vinywa vitupu. Ndipo akaja akasimama mbele ya Baba, ambaye alikuwa ameketi kwenye debe, mikono imechubuka.

"Jumamosi sifungui tena."

"Nitaleta waya nyingine. Juu yangu. Alhamisi niko hapa."

"Utaleta," Ardo akasema. "Ungekuwa umenyamaza mpaka mwisho, ningekufukuza hata na begi lako. Utaleta, na kabla haijaingia kwenye ukuta wangu, itakatwa hapa, mbele ya macho yangu, izungushwe kwa biro. Lakini si na wewe. Wewe utavuta tu." Akamwonyesha Mama kwa kidevu. "Huyu ndiye atapima. Walaal, utaweza kuja Alhamisi? Si uko na kazi?"

Mama alikuwa anajipangusa simiti kwenye rinda, na ilikuwa imeshaanza kukauka. Saa ya ukutani ya jirani, ile inayoonekana kutoka mlangoni, ilikuwa inakaribia saa nne.

"Nilikuwa nayo asubuhi," akasema. "Nitakuja."